Taa ya Mjomba Niyonshuti

Gisenyi, 3 Juni 2024

Kadiri mdogo wangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, cherehani nayo nzima. Mama miguu inamsumbua na hii baridi, lakini anakula vizuri. Na wewe huko Misri, hali yako? Hao unaowafundisha kuzamia hawakuchoshi?

Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na leo sitaki kukatizwa. Jana mzungu mmoja aliingia dukani nimshonee begi lililochanika, akanionyesha kwenye simu yake maandishi yako ya mtandaoni: "Mapango saba ninayopenda kuzamia." La kwanza ni letu la Bugeshi. Umesema uliligundua mwenyewe ukiwa kijana. Umesema mtu akipita chini ya maji hatua thelathini anatokea kwenye chumba chenye tundu juu, na hapo anaweza kutoa kipumulio mdomoni avute hewa tamu.

Hewa tamu, Kadiri? Na Mjomba Niyonshuti yuko wapi humo? Kila ulipozamia, yule mzee alikuwa amelala kifudifudi juu ya tundu, anashusha taa ya mafuta kwa kamba. Ikiendelea kuwaka, ulipumua. Ikizimika, mazuku imejaa, ile hewa ya volkano isiyo na harufu, inayoua. Hapo aliipandisha akaipunga, nawe ulirudi ulikotoka bila kufungua mdomo. Umemfuta mtu mzima pamoja na taa yake. Futa hiyo orodha kabla haijaua mtu.

Dada yako,
Umutoni

Dahab, 10 Juni 2024

Dada mpenzi,

Barua nimeipata. Pole kwa baridi, na mwambie Mama dawa ya miguu nitamtumia. Mimi sijambo, ila jua la huku halina huruma.

Umekasirika bure. Wanaosoma ni wazamiaji wenye vyeti. Orodha hiyo imesomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika, na bosi anataka kunifanya kiongozi wa safari zote. Nikianza kusimulia mzee na kamba yake, nani atamaliza kusoma? Habari ya taa nitaiongeza nikipata nafasi.

Na tusivunjiane heshima, dada. Maji nayajua mimi. Wewe unajua nguo.

Mdogo wako,
Kadiri

Gisenyi, 19 Juni 2024

Kadiri,

Mama anakusalimu sana. Mimi nakusalimu kwa shida.

Jumapili nilipanda Bugeshi. Makundi mawili ya wageni yameshapita, wanakanyaga viazi vya Mjomba bila hata kupiga hodi. Ana miaka sabini na tatu, na kila siku anakaa tunduni na taa yake, baridi yote ile. Nilimwambia aache, mwenye wageni ajijue. Akanijibu, "Kadiri ndiye ameleta, donc, basi, ni wageni wa nyumbani. Mi nitawachunga." Hana kinyongo na wewe hata kidogo, na hilo ndilo linanichoma.

Aliniuliza kama umewaandikia habari ya taa. Niliona aibu kwa ajili yako, nikasema ndiyo. Nimemdanganya mzee, Kadiri. Sasa andika, uongo wangu uwe ukweli. Au futa yote.

Dada yako,
Umutoni

Dahab, 1 Julai 2024

Dada,

Habari za siku nyingi? Mbona simu hupokei? Nipe pongezi, cheo nimekipata. Wateja wangu wawili wanafika Bugeshi Alhamisi hii. Mwambie Mjomba awapokee vizuri, ni watu wakubwa. Ile habari ya taa bado, nimebanwa mno. Wiki ijayo, inshallah.

Mdogo wako,
Kadiri

Gisenyi, 8 Julai 2024

Kadiri,

Safari hii sikuulizi hali.

Wateja wako walifika. Mjomba alishusha taa, ikazimika. Akaipandisha, akaipunga kwa mikono miwili kama alivyokuwa akikupungia wewe. Aliamini wanajua maana yake, kwa kuwa mimi nilimwambia umeandika. Yule wa mbele alitoa kichwa majini, akamwona mzee anapunga, akadhani anasalimiwa. Akatoa kipumulio mdomoni ili aitikie. Alivuta pumzi mbili, akalegea.

Mjomba alijirusha tunduni. Yule mteja wa pili ndiye aliyenisimulia. Anasema mzee alimrudishia mwenzake kipumulio mdomoni, akakishikilia hapo bila kukiachia, mpaka pumzi yake mwenyewe ilipokwisha. Mgeni amepona. Mjomba tumemzika Jumamosi, karibu na viazi vyake.

Mgeni aliniuliza mzee yule alikuwa nani, maana kwenye maandishi yako hakuna mtu. Nimemwandikia jina kwenye karatasi. Uongo wangu nitaujibu mwenyewe mbele ya Mungu. Orodha ni yako.

Asubuhi hii nimeangalia, bado ipo. Chini yake watu watatu wanauliza njia ya kufika. Cherehani nimeifunika, nahamia Bugeshi. Nitakaa tunduni kila siku mpaka uifute. Maji siyajui, hapo ulisema kweli. Kushusha taa najua.

Dada yako,
Umutoni