Jina la Mama Dieudonnée

Darlène, uko wapi? Usipige simu, andika tu. Salomon iko hapa kwangu.

Unajua leo alikuwa anatetea TFC yake ya politike, kile kitabu cha kumaliza masomo. Alijibu vizuri kabisa, na ile koti ya kuazima.

Kisha mukubwa wa juri akafungua kurasa za mwisho. Majina, Darlène. MAJINA. Wale watu wa kule Wamaza wenye Salomon aliwauliza juu ya chefu wao wa kijiji. Aliwaapia kama majina yao hayatatoka! Lakini profesa wake alimurudishia kitabu mara mbili: "Bila majina hii si sayansi, ni maneno ya barazani." Akayaweka.

Mukubwa wa juri akasoma kwa sauti: "Mama Dieudonnée, mukulima, anasema chefu anakulaga pamoja na wenye bunduki." Akamusifu Salomon, eti huyu alifika kwa watu kweli.

Mama Dieudonnée, mwenye alimupikia sombe ya majani ya muhogo wiki nzima.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, Darlène. Na mimi.

Inje, kijana mumoja akamupa Salomon mukono, anacheka vizuri. "Félicitations. Mimi ni mutoto wa chefu. Kesho ninarudi Wamaza. Mama Dieudonnée nitamusalimia."

Nitamusalimia. Ndivyo alisema.

Simu ya Mama Dieudonnée haiingie tangu saa nane.

Sasa tumetoka kutafuta moto, pikipiki ya kumubeba Salomon, amutangulie mutoto wa chefu kule. Wenye moto wanasema yule kijana aliisha kuondoka.

Hakungoja kesho.