Rekodi ya Baba Haipo

S.L.P. 41,
Somanda, Bariadi.
14 Novemba 2004.

Mpendwa kaka Renatus,

Mwangaluka. Mguu unaendeleaje? Nasikia wifi Justina anakufokea ukijaribu kutembea bila magongo, na mimi niko upande wake. Sisi huku ni wazima, ila nyumba imepoa tangu tulipomzika baba.

Mvua imeanza. Athanasi, mume wangu, ameshalima shamba la Ngulyati.

Najua unaisubiri ile rekodi ya maneno ambayo baba alikuachia, kwa kuwa hukuweza kuja. Haipo, kaka. Imepotea, na kosa ni langu.

Tangu redio za watu binafsi ziruhusiwe, nimepata kazi kwenye hii yetu ndogo. Kompyuta zetu tatu tumeziunganisha zikawa ghala moja: faili linakatwa vipande, kila mashine inatunza chake. Programu ya kurekodi niliiunganisha na ghala mimi mwenyewe, kwa zile amri za kawaida zinazotumiwa na programu zote: fungua, andika, soma, funga. Programu haina haja ya kujua vipande viko wapi.

Kila amri hurudisha jibu. Kwenye kompyuta moja, amri ya kufunga haikuwahi kunikatalia, kwa hiyo jibu lake sikujisumbua kulisoma. Kumbe kwenye mashine nyingi, hapo ndipo unapoambiwa kama vipande vyote vimefika. Siku ile nilipomleta baba hapa redioni kurekodi, waya wa kwenda mashine mbili ulikuwa umekatika. Ghala lilijibu kwamba limeshindwa. Programu yangu ikaandika "imehifadhiwa", nami nikamrudisha baba nyumbani.

Zimebaki sekunde nne. Anakohoa, anauliza kama aanze.

Ofisini wanasema ni umeme. Ningeweza kukuambia hivyo hivyo, lakini nimeshindwa. Nimelia sana, kaka. Nisamehe.

Shangazi Ng'washi na watoto wanakusalimu. Wasalimie Justina na wote hapo Songea. Mungu aliyempumzisha baba akusimamishe tena kwa miguu yako miwili.

Sasa maneno yake. Nilikuwa nimekaa mbele yake, na nayaandika kama alivyoyatamka:

"Renatus, lile dume jeusi lililopotea ukiwa mdogo, nilikuchapa mbele ya watu. Ukasema zizi ulilifunga. Ulilifunga kweli. Mimi ndiye niliyelifungua alfajiri nikasahau. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza."

Dada yako akupendaye,
Lukresia