Wakala Aliyekataa Kupanda Lori Langu

Jumanne, alasiri. Ukungu haujaondoka Njombe tangu asubuhi, na moyo wangu nao umo humohumo ndani yake.

Leo nilikwenda Makambako kukata bima ya lori. Mimi si mshamba. Nimevaa buti za jeshi hadi Burma, nimekula samaki wa Kolombo, nimesoma mpaka darasa la nne na la tano nikalichungulia dirishani. Wakala wa bima akataja bei, nikaguna. Akatabasamu, akatoa karatasi nyingine: nusu ya bei.

Nusu! Nikatia sahihi kabla hajaghairi.

Kiingereza changu ni cha gwaride: simama, geuka, piga saluti. Karatasi ile haikuwa na hata neno moja kati ya hayo.

Nawasha lori, namwona wakala yuleyule barabarani na mkoba wake, anatafuta usafiri wa kuja Njombe. Nikamfungulia mlango wa mbele. "Panda, mnyalukolo, leo wewe ni ndugu yangu. Bure kabisa!"

Akalitazama lori. Akaitazama saa. "Asante, mzee. Nitangoja basi la kesho."

La kesho!

Breki zangu ni nzuri. Matairi yana viraka, lakini vya heshima. Basi anaogopa nini, naye ndiye aliyeliandikia lori karatasi?

Nilipofika kwetu Yakobi nikapitia kwa mwalimu wa shule, nikampa karatasi asome. Akasoma mara mbili.

"Baba, hapa umekubali kwamba unabeba mizigo tu. Mtu akiumia ndani ya lori, bima haimjui."

"Hata niliyempakia bure?"

"Hata mkeo."

Jumapili nimeahidi kuipeleka Makambako kwaya yote ya Yakobi, akina mama na watoto mgongoni mwa lori. Mke wangu ndiye anayeanzisha nyimbo.

Na nakiri: hata leo, karatasi hiyo ikiwa mfukoni, niliwapakia vikongwe wawili wenye viazi kichwani. Nani awapite watu kwenye baridi hii?

Kesho mapema, kabla hajapanda basi lake, narudi kwa wakala kulipa ile bei iliyonifanya nigune. Akishanipa karatasi mpya, sitaisoma wala sitaipeleka kwa mwalimu. Nitafungua mlango wa mbele, nimwambie apande.

Akisema anangoja basi, Jumapili kwaya itaimba hapahapa Yakobi.