Kipanya Kinachokaa

Jumatatu, 2 Juni

Asubuhi nachapa barua za watu, mchana bei za vitenge vya Mzee Ramazani, mwenye duka. Kipanya cha kompyuta kimeanguka tena. Mahali pangu ni pembe ya kaunta tu, na nusu ya pembe hiyo ina vitambaa. Nikisogeza mkono kidogo kulia, kipanya kinaning'inia kwenye waya kama panya wa kweli aliyeshikwa mkia. Wateja wanacheka. Mimi sicheki. Nakichukia.

Kidole gumba changu bado kinatafuta gololi. Kinajipinda ubavuni mwa kipanya, hakikuti kitu.

Kile cha Banza, marehemu mume wangu, hakikuhitaji nafasi. Kilikaa mahali pamoja kama kobe, na gololi nyekundu ubavuni. Unageuza gololi kwa kidole gumba, mshale unakwenda kwenye kioo. Mkono hautembei. Sasa kiko kwa Umba, kaka yake, pamoja na kompyuta, mashine ya kuchapa, paneli ya jua, redio, hata makoti. Ndugu wa mume wangu walikuja kilio kilipoisha, wakabeba. Nilikuwa nimekaa chini, kitambaa kichwani. Njo desturi, ndivyo ilivyo, walisema. Najua kuna sheria inayosema vingine. Siku ile sikuwa na nguvu ya sheria.

Kompyuta wabaki nayo. Mimi nataka kipanya. Nikimwambia mtu hivyo ataona kifo kimenichanganya akili.

Jumatano, 4 Juni

Umba amefungua kibanda chake cha kuchapa, karibu na soko. Binti yangu Numbi alipita pale akitoka shule. Alinisimulia huku amejiziba mdomo. Baba mkubwa anasukuma kipanya cha gololi juu ya meza, mbele na nyuma, kama mtu anayepiga pasi. Mshale hausogei. Anakigeuza tumboni, haoni taa nyekundu kama ya vipanya vingine. Anapuliza. Anakipiga kofi. Gololi hakuigusa. Anadhani ni pambo.

Nilicheka naye. Kisha nikaiacha bukari yangu, ugali mzima, sahanini.

Banza hakuwahi kukipiga kofi. Asubuhi, akingoja jua lishike paneli, aliitoa gololi na kuizungusha kiganjani, akiongea na wateja. Akiniachia kiti, nilikuta ina joto.

Kofi. Kwa mkono ule ule aliotumia kumzika.

Ijumaa, 6 Juni

Umba alikuja dukani leo. Duka lilikuwa limejaa. Wake za askari wa kambi walikuwa wakichagua vitenge. Alikuwa amekishika kipanya kwa waya, kinabembea.

"Mama Numbi, weye unaona siye tuko bajinga?"

Akakiinua juu, wote wakione.

"Hii iko mufu. Haina taa. Ulitoa vitu vya ndani. Ile souris ya muzuri uliificha wapi?" Ndivyo wanavyokiita kipanya kwa Kifaransa, souris.

Mzee Ramazani alimwambia taratibu kwamba huyu ni mjane, bwana, sema naye kwa upole. Umba akasema, "Iko na kilio, ndiyo. Kilio machoni, souris yetu mufukoni."

Wanawake walicheka. Mmoja alicheka mpaka akaketi juu ya mzigo wa vitambaa. Mimi niliendelea kuchapa. Sikumbuki nilichapa nini. Baadaye Mzee alirarua karatasi ile bila kusema kitu.

Watu watasema nilinyamaza kwa adabu. Hapana. Nilikuwa natazama tu kile kipanya kinavyobembea, kisije kikagonga kaunta.

Umba alipokwisha kutoka ndipo nilipoelewa. Ningesema neno moja, geuza gololi, angegeuza. Mshale ungetembea. Jina langu lingekuwa safi. Na kipanya kingekuwa chake mpaka kife kweli.

Jumamosi, 7 Juni

Habari imefika bombani kabla yangu. Nilikuta ndoo zimepangwa na maneno yamepangwa. Mama mmoja akaniuliza kama nina kompyuta nyingine chini ya kitanda, aje mtoto wake ajifunze. Wengine wakatazama maji. Nilijaza ndoo, nikaondoka. Nilitembea upesi, maji yakanimwagikia mgongoni.

Numbi naye amesikia, kwenye mazoezi ya kwaya. Alirudi macho mekundu.

"Mama, baambie tu. Ni kidole kimoja."

Nilimweleza. Nikisema, tunapata jina na tunakosa kipanya. Nikinyamaza, labda atakichoka.

"Na kama atakitupa mu choo?"

Sikuwa nimefikiri hilo. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Nikamtuma akanunue vitunguu ambavyo tayari vilikuwepo.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Sitaki kupeana amani na mtu.

Nimekumbuka siku Banza alipokinunua kile kipanya. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungana vibaya. Alianguka na baiskeli akitoka Kinkondja, samaki wakavu nyuma, na kifundo cha mkono kikapona kikiwa kimepinda. Kusukuma kipanya cha kawaida kutwa nzima kulimfanya alie usiku, yeye ambaye hakulia hata alipong'olewa jino. Tulikwenda Lubumbashi kwa matibabu. Penye vitu vya kompyuta vilivyokwisha tumika, muuzaji alimwonyesha vipanya vizuri, vinavyong'aa, vyeusi. Yeye akachomoa kile chini ya rundo. Muuzaji akamcheka, baba, hiyo haitembei, inakaa tu. Banza akasema, "Miye njo napenda chenye kukaa."

Njiani kurudi alikibeba kifuani kama kifaranga. Treni ilisimama porini siku nzima, hakukiweka chini.

Alipenda chenye kukaa. Yeye mwenyewe hakukaa. Homa ilimshika tukadhani ni malaria ya kawaida, akaniambia nikafungue kibanda chetu cha kuchapa, wateja wasirudi. Nikafungua. Niliporudi hakunijua tena.

Nimemkasirikia. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika. Nimemkasirikia sana, na sina wa kumpelekea hasira hiyo ila kaka yake.

Jumanne, 10 Juni

Shangazi Mujinga ametuma ujumbe. Familia itakaa kwake Jumamosi juu ya "ile souris". Shangazi ndiye aliyemlea Banza mama yao alipofariki. Neno lake ndilo la mwisho upande ule. Zamani alikuja kibandani kwetu karibu kila siku, akakaa kwenye benchi la mlangoni kumenya karanga. Alisema kwake kuna kelele. Kwetu kulikuwa na kelele zaidi.

Siku ya kubeba vitu alikuwepo. Hakubeba kitu, lakini hakuzuia. Sijamsamehe.

Umba amesema nikikataa kutoa kipanya kizima, nitaitwa mwizi mbele ya wote, na hawatanihesabu tena katika familia. Numbi ni wa familia ile. Jina hilo litamfuata yeye kabla yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwomba Mzee Ramazani kipanya cha dukani. Si kuazima. Nimemwambia akikate kwenye mshahara.

Alikichomoa, akakifuta vumbi. Vumbi la kiangazi hiki liko kwenye kila kitu. Kisha akaniuliza nitafanya kazi kwa nini. Nikamwambia nitafanya kwa kile kingine, Mungu akipenda. Ikabidi nimweleze yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kwao ni Kasongo, wazee wake walikuja huku na biashara, na hupenda kusema mambo yaishe kwa maneno. "Mwanangu, ukweli ni mfupi. Useme."

Nikamwambia ukweli ni mfupi lakini unakwenda kulala kwa Umba, pamoja na kipanya.

"Ukipeleka hiki, watasema ulikuwa umekificha."

Najua.

"Na uongo je?"

Sitasema uongo. Nitaweka hiki chini kando ya kile cha Banza. Wachague.

Akatikisa kichwa. Lakini alinipa, na waya wake ameufunga vizuri kwa kamba ya kitenge.

Nimewaza jioni yote. Nani anachagua kipanya kuliko jina lake? Nikitazama kwa macho ya watu, mimi ni mjinga. Kompyuta walichukua sikupigana. Paneli, makoti, sikupigana. Nitapigania kigololi. Lakini makoti aliyavaa Jumapili tu. Hiki alikishika kila siku.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi. Naandika kabla ya kuvua viatu.

Walikaa uani kwa Shangazi, kwenye viti vya plastiki. Mimi na Numbi mkekani. Umba alileta kompyuta nzima, na betri, kama shahidi. Akachomeka kipanya cha Banza, akakisukuma mbele ya wote. Mshale ulikaa kimya. "Munaona? Maiti." Gololi ilikuwa inamtazama. Numbi alinibana mkono mpaka ukaniuma.

Shangazi akaniuliza nina nini cha kusema.

Nikatoa cha Mzee Ramazani, nikakiweka mkekani. Nikasema, "Hiki kinatembea juu ya meza na kina taa. Shemeji achague anachotaka. Mimi nitachukua kitakachobaki."

Umba hakusubiri nimalize. Alikichomeka, taa ikawaka, mshale ukakimbia. Akacheka, akawageukia wengine. "Alikuwa nayo siku zote. Siye tunalia, yeye anaficha."

Mtu nyuma akasema mwizi wa marehemu. Nilitaka kusimama. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, mafupi kama alivyosema Mzee. Geuza gololi, mjinga wewe. Nilitazama ile gololi nyekundu. Nikayameza. Sijawahi kumeza kitu kichungu hivyo, na niliwahi kunywa dawa za mizizi za bibi yangu.

Shangazi alisogeza kiti karibu. Kisha akakigusa kipanya cha Banza kwa ncha ya kidole cha mguu.

"Na hii?"

"Atupe," akasema Umba. "Ama akapikie."

Shangazi akainama kwa shida, akakiokota yeye mwenyewe, akakiweka mapajani mwangu. Mkutano ukaisha. Walileta karanga. Hakuna aliyenipa.

Shangazi alitusindikiza hadi njiani. Numbi alikuwa mbele, anakwenda kasi kwa hasira. Sikutaka maneno ya huyu mama. Alinishika kiwiko.

Alinyoosha mkono wake uliokunjamana, akaufunga nusu, kama umeshika kitu, na kidole gumba kikaanza kuzunguka hewani. Taratibu, ubavuni. Kama Banza kabisa. Hata kule kusita kidogo kabla ya kubonyeza.

"Karanga zangu zilikuwa zinaisha," alisema, "yeye anageuza tu."

Nikaelewa kwamba alijua. Alijua tangu Umba alipoanza kusukuma.

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema, nisiitwe mwizi uani kwake. Lakini angesema, Umba angegeuza. Nikamkasirikia hata hivyo, hadi tulipovuka reli.

Jumatatu, 16 Juni

Vumbi. Watu wachache.

Nimechomeka kipanya kwenye kompyuta ya Mzee Ramazani. Kimekaa katikati ya vitenge, nafasi ya sahani, hakisukumwi na kitu. Mshale ulikwama mwanzoni. Nikaitoa gololi. Ndani kuna vidude vitatu vidogo vinavyoibeba, na juu ya kila kimoja uchafu ulikuwa umeshika, mweusi, kama Jumamosi zote Banza alipokuwa akikisafisha kwa ncha ya shati.

Nilijua ni uchafu wa nini. Wa kidole chake, na wangu kidogo.

Nilikaa nao. Mteja alikuja, mtu wa Malemba-Nkulu, anataka barua ya kuombea kazi. Nikamwambia angoje.

Kisha nikafuta, kwa ncha ya kitenge changu. Kisiposafishwa hakifanyi kazi, na yeye alikitaka kwa kazi.

Gololi ilikuwa baridi. Niliishika kiganjani huku nikimuuliza yule mtu jina lake na shule alizosoma. Alipofika mwisho wa shule zake ilikuwa imepata joto. Nikairudisha mahali pake, nikaanza barua.