Uvimbe wa Asteria Umekwenda Wapi?

Mbaha,
Wilaya ya Mbinga.
14 Machi 1994

Mpendwa mdogo wangu Cleopa,

Hujambo huko Mererani? Kile kifua cha vumbi la machimbo kimetulia? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, na samaki wetu wadogo, usipa, wanapatikana.

Sasa mwanao. Ulipoondoka, magego ya Asteria yalikuwa yanacheza. Mama alifurahi kwamba mjukuu anakua, na yalipong'oka akayarusha juu ya paa kama tulivyofanyiwa sisi. Hayakuota mengine. Shavu likajaa hadi jicho likasukumwa juu, nikambeba hospitali ya misheni.

Daktari alinieleza kwamba uvimbe wa taya uko wa namna nyingi. Mwingine hutokana na jino bovu, mwingine hukua miaka na miaka nao hukatwa kwa kisu. Huu wa Asteria ni saratani ya watoto, unawapata zaidi wa huku ziwani penye malaria; kule juu Matiri kwenye baridi ni nadra. Dawa yake ni sindano za mshipa, na lazima zirudiwe mpaka ziishe.

Cleopa, hapo ndipo nilipoogopa hasa. Baada ya sindano ya kwanza uvimbe uliyeyuka. Kila nikiamka umepungua, hakuna usaha, hakuna damu. Wiki haikwisha, uso ukawa ule wa zamani.

Tulipofika nyumbani Mama alitusimamisha mlangoni, akamwamuru mtoto ataje jina lake, ahakikishe ni yeye. Kisha akaniuliza, "Na lile dude limekwenda kwa nani?" Sasa Asteria akipita, akina mama wanawafunika watoto wao mashavu kwa khanga. Mama hujipapasa taya kila asubuhi. Nami, sikufichi, nikinawa uso hujipapasa langu.

Mama ametukataza kurudi kwa sindano ya pili. Anasema uvimbe ukifukuzwa tena utaingia kwa mtoto wa watu. Daktari alisema tusiporudi utarudi wenyewe, tena kwa nguvu.

Leo nikimwogesha Asteria nimeona anacheka amefumba mdomo. Nikamfunua kinywa. Meno ya upande wa pili yanacheza. Akanishika mkono: "Shangazi, usimwambie Bibi. Atayarusha tena."

Kesho Mama akienda shamba, sisi tunapanda boti kurudi hospitali. Sisubiri majibu yako. Wewe mwandikie Mama kwamba ndiwe uliyeagiza. Nakuomba sana, ndugu yangu, usiniache peke yangu katika hili.

Msalimie mjomba Ignatio na mkewe Ottilia. Mungu akulinde huko chini ya ardhi, atulinde na sisi ziwani.

Asteria anakusalimu. Amekaa hapa karibu yangu ninapoandika, anajipapasa shavu.

Dada yako asiyekusahau,
Hedwiga