Ng'ombe wa Njoroge Asitoke Zizini

Obunga, Kisumu
Jumapili

Kwa mdogo wangu Wambui,

Habari ya nyumbani? Goti lako limepona, ama bado unalisingizia usipande mlima kwenda kanisani? Mimi ni mzima. Joto la huku linanipika lakini viazi vinatoka. Usishangae Kiswahili. Ndicho mwalimu wa watu wazima alinifundisha kuandika. Lugha yetu sijui kuiweka kwa karatasi. Binti yako akusomee polepole, asiruke maneno kama kawaida yake.

Kuna mtu atakuja hapo mwisho wa mwezi. Ana kikaratasi changu, nimekiandika kwa mkono wangu, kinasema umpe ng'ombe wa Njoroge. Usimpe. Fuata barua hii, achana na hicho.

Sasa usinicheke, nikueleze.

Ni dereva wa lori, ama ndivyo alisema. Anaongea lugha yetu, na huku mbali nikiisikia moyo unakuwa maji. Alikuwa akija kwangu sokoni Nyamasaria, anakaa juu ya gunia, anauliza hiki na kile. Nina vijana wangapi? Nikasema wawili, mkubwa yuko Nakuru, wa pili alipanda meli hapa kwenda Mwanza na mwaka wa sita huu hajaandika. Nikaropoka hata kwamba ng'ombe wake unamtunza wewe. Siku nyingine akauliza baba yangu alikuwa nani. Nikamtaja kwa majivuno, si unajua baba alivyojulikana. Wiki iliyofuata akaja mbio.

"Mama, nimetoka Mwanza. Njoroge wako amelazwa. Anataka ng'ombe wake auzwe apate kurudi nyumbani."

Wambui, jina la kijana sikuwa nimemwambia, na huku sokoni hakuna anayeniita kwa jina lake. Hilo ndilo lilinimaliza. Niliandika hapo hapo, juu ya gunia. Tangu siku hiyo hajaonekana sokoni.

Leo baada ya kanisa jirani yangu Mama Akinyi alinivuta hadi ukumbi wa sinema. Picha ya wakora wawili. Mmoja anakaa na mjane kwa treni, anamwuliza vitu vidogo vidogo. Kesho yake mwenzake anabisha mlangoni kwa mjane, anajua kila kitu. Watu wanapiga makofi, eti werevu. Mama Akinyi ananitafsiria sikioni.

"Ona," akasema, "anamrudishia maneno yake mwenyewe."

Nikasimama. Kwetu mtoto wa pili wa kiume huchukua jina la nani? La baba ya mama yake. Njoroge nilimtaja mimi, kwa mdomo huu, nilipomtaja baba. Wa nyuma wakapiga kelele, mama kaa chini, unaziba picha. Nikawaambia wamcheke tu huyo mjane, wao hawajaulizwa bado. Sikungoja mwisho. Kesho asubuhi barua hii naipa kondakta wa basi.

Wewe huniuliza kila mara kwa nini sirudi nyumbani. Meli ya Mwanza huingia Alhamisi. Siku hiyo viazi namwachia Mama Akinyi, mimi nasimama bandarini hadi mtu wa mwisho ashuke. Sikukuambia kwa sababu ungenigombeza. Na tangu mkora huyo aniambie, siku tisa, nilikuwa na mtoto mgonjwa. Mgonjwa ni mtu aliye hai. Nilishamnunulia blanketi.

Nisalimie shemeji, arudishe jembe langu. Nisalimie mke wa kaka yetu na yule mzee wa kanisa aliyenibatizia watoto. Kijana wangu mkubwa akipita hapo, habari hii usimpe, atasema nimezeeka.

Mkora akifika, ita majirani, funga zizi. Lakini kabla hawajamfukuza mpe kiti, umwulize mara moja tu, polepole, kama kweli hajawahi kumwona Njoroge. Unijibu upesi, hata kama ni hapana.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mama Njoroge