Kopo Lililorudi Tupu

Baba yangu mpendwa,

Mama amenipa kopo lako. Alilileta Kakuma mwenyewe juzi, limefungwa ndani ya leso, akaliweka mezani na kusema, "Hili ni lako. Baba yako alisema hivyo." Ni lile lile la mafuta ya msaada, lenye mshikio wa waya ulioupinda kwa mikono yako, lililokaa miaka yote kwenye rafu ya nyumba yetu ya Lodwar kando ya vitabu vyako vya katekisimu. Nikiwa darasa la tatu nililichukua nipimie unga. Hukunipiga wala hukunigombeza. Ulilifuta kwa pindo la shati lako ukalirudisha mahali pake, nami nikadhani ni chombo kitakatifu cha Padri.

Uliondoka duniani mwezi wa nane, na ingawa ulishanisamehe, maneno niliyokuambia Krismasi ya mwaka jana bado yamenikaa kooni. Niache niyatoe. Unanijua, mimi si mtu wa kukata maneno katikati, na tabia hiyo sikuitoa kwa Mama.

Lakini kwanza Jumapili zetu. Kanisa dogo ulimokuwa ukihudumu lilikuwa ng'ambo ya mto Kawalase, na mto ukiwa mkavu tulivuka kwa miguu. Wakati wa kwenda mchanga ulikuwa baridi. Wakati wa kurudi uliunguza, na mimi viatu vyangu nilikuwa nikivisahau kila mahali. Basi ulinipandisha juu ya akala zako, zile ndara za matairi, mgongo wangu ukiegemea tumbo lako, ukatembea nami hivyo hatua kwa hatua mpaka ukingoni. Watu walitucheka, wakisema leo katekista ana miguu minne. Njiani ulinifundisha Baba Yetu, mstari mmoja kwa kila hatua, na mpaka leo nikiisali vidole vyangu vya miguu hutafuta kitu cha kukanyaga.

Siku hizo sikujiuliza kama naamini. Mungu alikuwa wa nyumbani kwetu, kama mbuzi wetu na alama yao sikioni. Mbuzi akipotea hata akafika kule mbali Lokiriama, mtu akiangalia sikio anajua ni wa nani.

Kisha mwaka 2012 nikapata kazi ya kufundisha Kakuma, kwenye shule ya kambini. Darasani nilikuwa na watoto ambao wazazi wao husali Ijumaa, wengine Jumamosi, wengine Jumapili, na kila mtoto alikuwa na uhakika kama nilivyokuwa nao mimi juu ya akala zako. Nikaanza kuwaza. Ningezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, sasa hivi ningekuwa nafunga Ramadhani na kukuonea huruma wewe. Wazo hilo liliniuma. Nikaacha kwenda kanisani, na nilipokuja likizo nikakudanganya kwamba Jumapili zangu zina kazi ya kusahihisha madaftari.

Krismasi hiyo ya mwaka jana ilinikuta nina mimba ya miezi sita. Tukiwa tunakula, ulisema kwa furaha kwamba umeshazungumza na Padri juu ya ubatizo wa mtoto. Mume wangu aliangalia sahani yake. Yeye katika mambo haya hana upande, husema atakula wali popote utakapopikwa. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema mtoto wangu atachagua mwenyewe akikua. Nilisema mimi sikuchagua, nilikatwa sikio kama mbuzi ili watu wajue ni wa nani.

Mama aliacha kukoroga chai. Wewe ulichukua ekicholong chako, kile kigoda chako cha kukalia na kulazia kichwa, ukatoka nje ukakaa peke yako. Kesho yake nilirudi Kakuma bila baraka ya safari. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nakiru alizaliwa mwezi wa tatu, mvua ikipiga mabati, ndiyo maana ya jina lake. Simu ulipiga, ukauliza hali yangu, ukauliza maziwa kama yanatoka. Juu ya ubatizo hukusema neno. Kunyamaza kwako kulinitesa kuliko kama ungenigombeza.

Mwezi wa tano wewe ukaja Kakuma. Hukunipigia simu kunieleza, nilisikia tu salamu yako, "Ejoka?", mlangoni, nikakuona na mfuko wa samaki wakavu wa Longech, kule ziwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama Furaha alikuwa amempakata Nakiru. Yeye ni mwalimu mwenzangu, mkimbizi kutoka Kongo, na katika miezi ile ya kwanza ndiye aliyenisaidia kumwogesha mtoto. Ulimsalimu, ukaketi, ukanywa maji. Kisha ukamuuliza yeye, si mimi, dini yake aliipata wapi. Nilijua swali lilikuwa langu.

"Mzee, miye nilizaliwa mu dini ya mama," akasema. "Vita ikakuja, nikaiangusha mu njia. Nilikuwa nabeba watoto, sikuweza kubeba na ile. Kufika huku, siku moja nikarudi kuiokota. Ni ile ile ya mama. Lakini sasa ni yangu."

Uliitikia kwa kichwa muda mrefu. Halafu, kwa kuwa mgeni alikuwepo, ukasema kwa Kiswahili chako cha kanisani, na hapo ndipo mimi nilipoijua habari ya kopo, baada ya miaka yote hiyo.

"Huyu binti yangu anafikiri mimi nilichagua," ulianza. "Mimi nilikuwa mutoto wa njaa. Misheni ilikuwa inagawa unga Jumamosi. Nikaona laini ya watu chini ya mti, nikapanga na kopo yangu. Hakuna mtu aliniambia laini ni ya nini. Nikafika mbele, mzee mmoja ananiuliza jina, anaandika kwa kitabu. Nikaweka kopo. Anaangalia kopo, anacheka. Anasema, kijana, unga iko mti ile ingine. Hapa tunaandika watu wa mafundisho ya ubatizo."

Mama Furaha alicheka mpaka mtoto akaamka. Mimi sikucheka.

"Na ile ya unga?" nikauliza.

"Ilikuwa imeisha."

Ulisema yule mzee, katekista, alikata ugali wake katikati akakupa nusu mkononi, ukaumaliza pale pale. Kopo likarudi nyumbani tupu. Ulimwambia baba yako kwamba umeandikwa jina kwa Akuj, yaani Mungu. Babu, ambaye hakuwahi kuingia kanisani hata siku moja na ambaye kila alfajiri alisimama mlango wa boma kumwomba Mungu mvua, alikuambia Akuj ni yule yule, na kama umeandikwa uende usiaibishe jina. Akakutemea mate ya baraka kwenye paji la uso.

"Jumamosi ingine nilikuwa najua miti zote mbili," ulisema. "Na njaa ilikuwa bado. Nikaenda kwa yule mzee. Nilitaka tu kumwambia asante. Mpaka leo sijamaliza."

Hapo ndipo nilipolia, Baba. Nilikuomba msamaha kwa neno la mbuzi. Ukasema kwa Kiturkana kwamba mbuzi mwenye alama naye hupotea, tena sana, ila akipatikana hachinjwi na mtu mwingine. Ulikuwa unanitania, na nilifurahi kutaniwa tena.

Kisha ulimchukua Nakiru, na wewe katekista wa miaka mingi ukamtemea mate mepesi kwenye paji la uso kama babu alivyokufanyia. Nilishangaa, ukaniona. Ukanipa mtoto wangu ukasema, "Usimpeleke kanisani kwa ajili yangu. Mpeleke siku utakuwa na asante na hujui utaipeleka wapi."

Nilipokusindikiza ulinibariki safari, ingawa msafiri ulikuwa wewe. Sikukuona tena ukiwa na nguvu.

Sasa sikiliza habari ya leo asubuhi. Kopo nililiweka kwenye kiti. Nakiru akatambaa mpaka pale, akashika ukingo wa kiti, akajivuta, akasimama. Miguu ilimtetemeka, akaachia mkono mmoja akagonga kopo lako, akafurahia mlio, akagonga tena. Nilicheka kwa sauti nikachukua simu. Nilishatafuta jina lako, kidole kiko juu yake, ndipo nilipokumbuka hakuna wa kupokea.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa na furaha tele kwa mtoto, kwa miguu yake, kwa akala zako, kwa nusu ya ugali wa mtu nisiyemjua jina, na yote hayo nilitaka kumshukuru mtu. Wewe ulikuwa umeondoka, na yule mzee pia, na babu. Shukrani ilibaki imenijaa kifuani, na nikajua ile siku uliyoisema imefika. Bado sijui kama nilizaliwa na imani hii au uliniachia wewe. Najua tu kwamba nami niliiangusha njiani, na leo nimeinama kuiokota.

Akikua, Nakiru akitaka kuhamia mti mwingine, sitamzuia. Nitampa kopo na kumweleza lilivyorudi tupu, naye atafanya atakavyo.

Lala salama, Baba. Alakara, asante, kwa kila hatua ya mchanga ule. Jumapili nitakuja Lodwar, nitavuka Kawalase mapema kabla mchanga haujapata moto, nimempakata mwanangu. Nitapanga laini kwa yule anayeandika majina ya ubatizo, na safari hii mtu wa nyumba yetu atakuwa anajua laini ni ya nini.

Binti yako, mbuzi wako mwenye alama,
Mama Nakiru